Niliyojifunza Nikitafuta Spea Halisi za Mustang ya 1965

Nilipolinunua gari langu, Ford Mustang ya mwaka 1965, muuzaji aliniambia kuwa ni GT, yaani toleo la Mustang lenye vifaa vya kimichezo, nami nikamwamini kwa sababu kila nilichokiona kwa macho kilikubaliana na maneno yake. Lilikuwa jekundu, lina nembo za GT kwenye fenda zote mbili, lina taa mbili za ukungu ndani ya shoo ya mbele, na dashibodi yake ilikuwa na zile geji tano za duara ambazo wapenzi wa magari haya huzitaja mwanzo kabisa wanapoieleza GT. Nilikuwa nimeweka akiba kwa miaka minne hapa Maryland ninapoishi, na siku lilipoingizwa bandani nyuma ya nyumba nilikaa ndani yake mpaka usiku bila hata kuliwasha. Jambo moja sikulifanya: sikuufungua mlango wa dereva nikainama na kukisoma kibati kilichopigwa riveti kwenye ukingo wake. Laiti ningekisoma siku ile, ningeokoa fedha nyingi na karibu mwaka mzima wa kazi.

Ufundi niliujifunza Tanga, kwenye gereji ya mjomba wangu, tukitengeneza Land Rover na Peugeot 504, na baadaye Toyota za kila aina. Pale kanuni ilikuwa kwamba spea ikikaa, imekaa. Bolti ikiingia, mafuta yasipovuja na gari likitembea, mteja huondoka ameridhika. Siidharau kanuni hiyo hata leo, kwa maana imeyaweka barabarani magari ambayo kwingine yangekuwa skrepa zamani sana. Lakini kulirudisha gari la zamani katika hali lililotoka nayo kiwandani ni kazi nyingine kabisa, kwa kuwa spea inaweza kukaa vizuri bila kubishana na chochote, na bado isiwe ya gari hilo.

Majira ya baridi ya kwanza niliyatumia kutafuta vitu vya GT vilivyokosekana. Nilinunua ncha mbili za ekzosi zinazotokeza kwenye bati la chini la nyuma, nikanunua mistari ya pembeni, kisha nikaanza kutafuta breki za diski za mbele, kwa sababu GT ilitoka nazo kiwandani na gari langu lilikuwa na breki za dramu magurudumu yote manne. Nilijieleza kuwa mmiliki fulani wa zamani alizivua. Kila palipokuwa na tofauti kati ya gari na maelezo ya muuzaji, nililitilia shaka gari, na maelezo nikayaacha yasimame.

Mwezi wa Aprili nilikwenda Carlisle, mji mdogo wa Pennsylvania ambao viwanja vyake vya maonyesho hugeuka gulio kubwa la spea za magari ya zamani kila majira ya kuchipua na ya kupukutika. Anayelijua gulio la kwetu hatapotea pale: meza zimepangwa safu kwa safu, wengine wametandika turubai chini, huku kabureta, kule milango, na bei haitajwi mpaka mmesalimiana. Nilisimama kwenye meza ya mzee mmoja aliyekuwa na spea za Ford peke yake, kila moja imefungiwa karatasi ndogo yenye maandishi ya kalamu ya risasi. Nikamwambia natafuta breki za diski za mbele za Mustang GT ya 1965. Hakunionyesha kitu. Aliniuliza gari langu liliundwa tarehe ngapi.

Sikuwa na jibu. Nilimwambia mwaka, naye akasema mwaka hautoshi. Kisha akauliza herufi ya tano ya namba ya chesisi ni ipi, nikakosa jibu tena. Akanieleza kwa upole, bila kunidharau, kwamba hawezi kumuuzia mtu spea ya gari ambalo mwenyewe bado hajalisoma, akanichorea kwenye kipande cha boksi mahali pa kutazama. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na naihesabu safari ile kuwa yenye faida kuliko zote nilizofanya kwa ajili ya gari hili.

Usiku huo nilikifuta kibati cha mlangoni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, nikashika tochi. Sehemu ya muundo ilisomeka 65A, yaani gari la paa gumu lenye mapambo ya ndani ya kawaida. Rangi ilikuwa R, kijani ambacho Ford walikiita Ivy Green. Tarehe ilikuwa 12C. Namba ni siku, herufi ni mwezi kuanzia A ya Januari, isipokuwa herufi I hurukwa isije ikadhaniwa kuwa moja, hivyo gari langu lilipangiwa kuundwa tarehe 12 Machi 1965. Giaboksi ilikuwa na namba 6, otomatiki ya aina ya C4. Halafu nikainua boneti na kutafuta namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma cha ndani upande wa dereva, pale fenda ilipokatwa kidogo ili isomeke. Hiyo ndiyo namba ya kuiamini zaidi, maana kibati cha mlangoni kinaweza kuchongwa upya na kupigwa riveti na yeyote. Namba zote mbili zilikubaliana: 5T07C, kisha tarakimu sita. Tano ni mwaka 1965. T ni kiwanda cha Metuchen, New Jersey. 07 ni paa gumu. Na C ni injini ya V8 ya inchi za ujazo 289 yenye kabureta ya mapipa mawili, yaani njia mbili za kupitishia hewa, nguvu farasi 200.

Hapo ndipo habari ya GT ilipokufa. Ford walianza kuuza GT tarehe 17 Aprili 1965, mwaka mmoja kamili baada ya Mustang kuzinduliwa kwenye maonyesho ya dunia ya New York, na waliiuza kwa injini za mapipa manne tu, zile za herufi A na K. Gari lililoundwa Machi, tena lenye herufi C, halikuweza kuwa GT hata kama lingebandikwa nembo kumi. Breki za dramu zilikuwa zimenieleza ukweli muda wote huo. Niliondoa kiti cha nyuma na kufunua zulia, nikaikuta rangi ya kijani kwenye pembe ambazo bunduki ya rangi nyekundu haikufika.

Iliniuma, sitaficha. Nilikuwa na njia mbili: kuendelea kulijenga gari la uongo nikijua ni la uongo, au kulirudisha lilivyokuwa. Nilichagua la pili, na tangu hapo utafutaji wa spea ukawa na mwisho unaoonekana, kwa kuwa sikuwa tena nikitafuta kila kilicho kizuri bali vile vilivyotoka Metuchen siku zile za Machi. Nilizivua zile geji tano za duara, ingawa naziona nzuri hadi leo, na kurudisha spidomita ya mstari mlalo iliyokuwa ya kawaida kwa magari ya 1965. Vitu vya GT nilimuuzia kijana mwenye gari la herufi A la mwezi Juni, ambalo kweli lilivistahili.

Baada ya kulisoma gari, ilinibidi nijifunze kuzisoma spea zenyewe. Ford wa miaka hiyo waliandika namba zao kwa mpango ambao ukishauelewa hausahauliki. Herufi ya kwanza ni muongo: B ni miaka ya 1950, C ni ya 1960, D ni ya 1970. Tarakimu inayofuata ni mwaka ndani ya muongo huo. Herufi ya tatu ni gari ambalo spea ilibuniwa kwa ajili yake: Z ni Mustang, D ni Falcon, O ni Fairlane, A ni yale magari makubwa kama Galaxie. Herufi ya nne ni idara iliyohusika, kisha hufuata namba ya aina ya kifaa, kwa mfano 6015 kwa bloku ya injini, 6049 kwa silinda hedi, 9510 kwa kabureta na 12127 kwa distribyuta. Herufi ya mwisho huonyesha marekebisho yaliyofanywa baadaye.

Nilipoujua mpango huu nilijiona nimekuwa mtaalamu, na ujuaji huo ukanigharimu. Chini ya dashibodi nilikuta kishikizo cha chuma chenye maandishi yaliyoanza na C3D. Nikafikiri: hiki ni cha Falcon ya 1963, nani alikileta humu? Nikakitupa. Miezi miwili baadaye nikakifahamu kwenye michoro ya katalogi ya spea ya Ford ya magari ya 1965 hadi 1972, na kilikuwa mahali pake halali. Mustang ilijengwa juu ya vifaa vya Falcon na Fairlane, jambo ambalo ndilo lililoiwezesha kuuzwa kwa bei nafuu, kwa hiyo kipande chenye D au O kinaweza kabisa kuwa cha asili. Kadhalika bloku nyingi za injini ya 289 ya mwaka huo zina C5AE, kwa sababu injini hiyo hiyo iliingia kwenye magari makubwa pia. Namba inaeleza kipande kilibuniwa lini na kwa ajili ya nani, lakini haielezi kila gari lililokitumia. Kile kishikizo nilikipata tena kwa dola 40, na kwa macho yangu hakikuwa na tofauti yoyote na nilichokitupa.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi, nami lilinifanya nimshuku mtu asiye na kosa. Niliagiza lenzi ya taa ya nyuma, mpya ya zamani, yaani iliyotengenezwa enzi zile na kulala dukani bila kutumika. Boksi lilikuwa na namba inayoanza na C5ZZ, ila lenzi yenyewe ilisomeka C5ZB. Niliandika barua kali kumlaumu muuzaji, kisha nikashukuru kwamba niliisoma katalogi kabla ya kuituma. Namba ya boksi ni ya duka la spea, na hiyo Z ya mwisho ndiyo alama yake. Namba iliyo kwenye kifaa ni ya wahandisi. Kwa kawaida hazifanani, na hazitakiwi kufanana. Tena boksi la zamani si ushahidi wa chochote kilichomo ndani yake, maana boksi hujazwa upya kirahisi.

Injini ndiyo iliyonitesa zaidi. Iliyokuwemo ilikuwa V8 yenye sura ya 289, lakini nilipoondoa stata na kusugua uchafu nyuma yake, namba ya kalibu ilianza na herufi D. Hiyo ni injini ya miaka ya 1970, ya inchi 302, ambayo kwa nje haina tofauti rahisi ya kuona. Ya asili ilikwisha potea, pengine miaka 40 iliyopita. Nikaamua kutafuta bloku ya 289 ambayo tarehe yake ya kumiminwa ingelingana na gari. Tarehe hiyo huinuka juu ya chuma chenyewe: tarakimu ya mwaka, herufi ya mwezi, halafu siku. Kwa gari la tarehe 12 Machi nilihitaji bloku iliyomiminwa wiki chache kabla, Januari au Februari. Bloku ya Mei, hata ikiwa nzuri kiasi gani, haiwezi kuwa iliingia kwenye gari lililokwisha kuuzwa.

Nilipata tangazo la bloku ya 289 ya 1965 huko West Virginia. Nikaendesha pikapu ya kuazima kwa saa tano, nikaifuta tope mbele ya mwenyewe. Je, niliisoma tarehe yake? Hapana. Mvua ilikuwa inanyesha, mwenyewe ana haraka, mikono yangu imekufa ganzi kwa baridi, nikalipa dola 600 na kuipakia. Kesho yake bandani, kwa utulivu, nikaisafisha kwa brashi ya waya. Tarehe ilikuwa ya Juni 1964. Na nilipoisogeza karibu na giaboksi, matundu ya bolti yalikuwa matano, ilhali ganda la giaboksi yangu lilitaka sita. Ford walibadilisha idadi hiyo walipoingia kwenye magari ya 1965 kamili, mnamo Agosti 1964. Bloku ile ilikuwa nzuri kwa Mustang za miezi ya mwanzo, zile zilizokuwa bado na jenereta badala ya alteneta, lakini kwangu haikuwa na kazi.

Jioni hiyo nilimpigia mjomba.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mjomba. Mbona sauti imezama?”

Nikamsimulia yote, mvua, dola 600 na matundu matano. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Mimi nilikutuma dukani lini bila kukupa kipande cha zamani mkononi?”

Alisema kweli. Tulipokuwa wadogo pale gerejini hatukwenda dukani na jina la spea, tulikwenda na spea yenyewe iliyokufa, imefungwa gazeti, mwenye duka akazilinganisha mbili hizo juu ya kaunta. Tangu siku hiyo nimekata ubao mwembamba wenye umbo la uso wa giaboksi na matundu yake sita, na kwa kila kitu kingine nabeba kipande cha zamani, au kipimo chake, pamoja na brashi ya waya, tochi na kioo kidogo cha mkononi. Bloku niliyoipata mwishoni, miezi saba baadaye, niliijaribishia ubao huo kwanza, ndipo nikaangaza tochi. Ilisomeka 5B9: tarehe 9 Februari 1965. Nilirudia kuisoma mara tatu, kisha nikamwomba mwenye nayo aisome yeye.

Si injini ya gari hili, na namwambia hivyo kila anayeuliza. Ni injini ya aina ile, ya majuma yale. Kuna watu hugonga namba mpya kwenye chuma cha zamani ili kudai kuwa injini na bodi hazijawahi kuachana. Kwangu huo ni wizi, kwani anayeibiwa ni mtu atakayelinunua gari miaka mingi baadaye akiwa na imani kama niliyokuwa nayo mimi.

Kabureta niliipata Carlisle mara ya tatu nilipokwenda. Ilikuwa Autolite 2100 ya mapipa mawili, na juu yake kimefungwa kwa skrubu moja kibati cha pembe chenye namba inayoanza na C5. Bei ilikuwa nzuri. Lakini kabureta hizi zina namba pia iliyogongwa kwenye mguu wake, pale zinapokalia injini, upande wa dereva. Nikapitisha ukucha juu ya masizi mpaka herufi zikatokea, na mguu ukasoma C8. Kibati cha 1965 kilikuwa kimevishwa kabureta ya 1968. Nikamwonyesha muuzaji, akashangaa kwa dhati, na nadhani alikuwa ameuziwa hivyo hivyo. Meza ya nne kutoka hapo niliikuta nyingine isiyo na kibati kabisa, chafu, shafti ya valvu ya chini imelegea, lakini mguu wake ulisoma sawa. Nilinunua hiyo chafu. Kulegea kwa shafti hutengenezwa kwa bushi mbili mpya.

Vitu vya mpira, nyaya, mazulia na vitambaa vya viti sikuvitafuta vya zamani, na sioni sababu ya mtu kuvitafuta. Mpira wa miaka 60 umekwisha hata kama haujawahi kutoka kwenye mfuko wake. Kwa bahati Mustang ziliuzwa zaidi ya laki nne katika mwaka wa kwanza pekee, nyingi zimebaki, na kwa ajili hiyo vifaa vipya vya kuiga vinatengenezwa kwa wingi.

Mabati ya bodi ni habari tofauti. Fenda ya kuiga niliyoinunua kwanza ilikuwa na matundu yote mahali pake, lakini ilipofungwa, nafasi kati yake na mlango ilianza nyembamba juu na kupanuka hadi kuingia kidole chini, na mstari wa pembeni haukukutana na ule wa mlango. Fundi bodi aliipiga na kuivuta kwa siku mbili, kisha akaniambia niamue kati ya kumlipa wiki nzima au kuleta chuma cha asili. Huku kwetu chuma cha asili kimeliwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, kwa hiyo niliagiza fenda ya kushoto kutoka Arizona, ambako jangwa hukausha kila kitu na kutu haipati nafasi. Usafiri ulikaribia bei ya fenda. Ilipofungwa, nafasi ilikuwa sawa toka juu hadi chini, tena kwa mkono mmoja.

Mahali pamoja tu nimeuacha uasili kwa makusudi. Mustang za 1965 na 1966 zina masta silinda ya breki yenye chumba kimoja, maana yake bomba moja likipasuka breki zote nne zinakwenda kwa pamoja. Mwaka 1967 Ford waliweka ya vyumba viwili. Watoto wangu hupanda gari hili, na kwa hiyo nimefunga ya vyumba viwili bila kusitasita, ingawa wapo waniambiao nimeharibu kazi. Ile ya asili nimeisafisha, nimeipaka mafuta na kuifungia kwenye boksi pamoja na karatasi inayoeleza ilivuliwa lini na kwa nini, na bomba zake nimezihifadhi bila kuzikata.

Fenda ya kulia bado naitafuta. Iliyopo ni ya 1966, inakaa vizuri kabisa, nayo imepakwa kijani kile kile cha Ivy Green kama gari zima. Mwezi wa Oktoba nitakwenda Hershey, kwenye gulio jingine kubwa, nikiwa na ubao wangu, tochi na kipimo cha kona ya mbele.